Mashine ya Maji ya Kalilo

Edita alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu Makanyagio, mjini Mpanda, nimepanda juu ya stuli natafuta waya wa sola kwa mteja mwenye haraka zake. Akasema, "Dada Dafroza, mama amepumzika." Nilishuka, nikakaa juu ya boksi la betri, nikalia kwa sauti, mpaka yule mteja akaona haya, akatoka na kunirudishia mlango. Mama Edita hakuwa ndugu yangu wa damu. Nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja, mwaka tisini na tano, nikiwa binti niliyemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, na wapo watu niliokaa nao miaka mingi zaidi ambao misiba yao niliihudhuria kwa adabu tu. Tulipomzika, kule vilimani upande wa Mwese, wajukuu zake waliniuliza nilimjuaje bibi yao. Nikawaambia nilikuwa nasaga unga pale kijijini, wakacheka, maana wao wananijua kwa sola. Nikaona nisipouandika mwaka ule, utapotea pamoja naye. Habari za Katumba, makazi ya wakimbizi nilikozaliwa, na za wazazi wangu na safari yao ya kutoka Burundi, naziacha. Wengine wamezisimulia vizuri kuliko mimi.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mahindi iliyoondolewa mahindi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lisilo na kioo, na ukuta mmoja ambao upande wake wa pili ndipo jiko lilipokuwa. Ukuta ule ulipata joto kila jioni, nami nilizoea kuuegemeza mgongo nikitoka kazini. Ulikuwa wa tope na haukuzuia neno hata moja. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia jirani akiuliza, "Huyu binti wa Katumba kaja kufanya nini hasa? Kwani wanaume wamekwisha?" Mama Edita akamjibu, "Kaja kujifunza mashine." "Mwanamke na mashine!" "Wanaobeba magunia kwenda mashineni ni nani, si sisi? Mwache ajifunze." Halafu akapaza sauti, akijua fika kwamba nasikia kila kitu, "Mwananje, njoo ule." Mwananje ni mwanangu kwa Kirundi. Yeye alikuwa Mrundi aliyeolewa na Mbende, mumewe alikwisha kufariki, na Kirundi alikitumia kwa mambo mawili tu, kuita watu kula na kuwagombeza.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa muhogo, mchana na jioni. Wanangu waliokulia mjini hawajui hata unavyopatikana, kwa hiyo naeleza. Mihogo ile ilikuwa michungu. Unaimenya, unailoweka majini siku kadhaa mpaka ilainike na uchungu utoke, unaianika juani, ndipo unaitwanga au kuisaga. Ukiiloweka kwenye dimbwi la maji yaliyolala, unga unakuwa wa kijivu na unanuka. Ukipata maji masafi yanayotembea taratibu, unga unatoka mweupe na ugali unavutika vizuri. Mwanamke wa kijiji kile alipimwa kwa weupe wa unga wake, na Mama Edita hakukubali kushindwa na mtu. Mboga ilikuwa maharage, au majani ya muhogo, na siku za neema migebuka mikavu, samaki wa ziwani, iliyoletwa kwa baiskeli na wachuuzi kutoka Kapalamsenga. Tulikula watatu, mimi, yeye na Edita, tukiwa tumezunguka sahani moja, na yeye ndiye aliyegawa samaki. Kichwa alinipa mimi kila mara, akidai kwamba mtu wa mashine anahitaji akili. Nilikuwa sipendi kichwa cha samaki, lakini nilikila.

Mashine niliyokuja kujifunza ililetwa na watu wa mradi, na mwaka ule ilikuwa ndiyo kwanza imefungwa. Kabla ya hapo wanawake walitwanga kwenye kinu mpaka mabega yakaota sugu, au gunia lilipakiwa kwenye baiskeli kwenda kutafuta mashine ya dizeli kijiji cha mbali, ambako mara nyingi uliambiwa mafuta hayapo. Kijiji chetu kilikuwa na kijito, Kalilo, kinachotelemka kutoka mlimani mwaka mzima bila kukauka. Watu walijitolea kuchimba. Walijenga banio la kukinga maji juu ya kijito, wakachimba mfereji ukazunguka ubavu wa kilima, ukaishia kwenye tangi la saruji lililo wazi, pana, lenye maji matulivu. Kutoka kwenye tangi bomba la chuma lilishuka moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mashine bondeni. Mwisho wa bomba kulikuwa na mdomo mwembamba, na mbele ya mdomo gurudumu lenye vikombe vya chuma. Maji yalitoka mdomoni kwa kasi, yakapiga vikombe, gurudumu likazunguka, mkanda ukavuta mawe ya kusagia. Hakukuwa na injini, moshi wala pipa la mafuta.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Selemani, mtu wa hapahapa Makanyagio, mrefu, mwenye goti bovu na mdomo usiochoka. Alinifundisha kwa kijiko cha chai. Siku ya kwanza alimimina maji kutoka kwenye birika, akaniambia, "Gusisha mgongo wa kijiko." Nilitarajia maji yakisukume nje. Badala yake kijiko kilivutwa kikaingia ndani ya maji. Nilipiga kelele, naye akafurahi sana. "Maji yanapenda kuufuata mgongo wa kitu," akasema. "Yanajikunja kuufuata, na yakijikunja yanakivuta. Upepo nao ndivyo ulivyo. Ndege haibebwi na hewa ya chini peke yake, inavutwa na ile inayopita mgongoni kwa bawa." Kisha akageuza kijiko, tumbo likatazama juu. Maji yakaingia, yakazunguka, yakaruka nyuma kuelekea yalikotoka na kutulowesha wote wawili. "Sasa unasikia yanavyosukuma? Ubao bapa unayasimamisha maji tu. Kikombe kinayarudisha, na kinapoyarudisha kinasukumwa karibu mara mbili. Ndiyo maana nimeweka vikombe." Mpaka leo, kijana yeyote anayekuja kujifunza kazi dukani kwangu anaanza na kijiko, hata kama kaja kujifunza sola, kwa sababu nataka nione kama anashangaa.

Mambo ya hewa aliyajua kwa gharama. Miaka ya nyuma alijenga pangaboi kubwa la upepo huko Sitalike ili livute maji kisimani. Mabawa aliyakunja vizuri, mnara aliusimamisha vizuri, ila upepo wa kule hautoshi. Ulikuja miezi michache ya kiangazi, ukasinzia miezi iliyobaki, na watu wakaishia kuanika nguo kwenye miguu ya mnara. Habari hiyo ilifika kijijini kwetu kabla yake. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye utani mkali, hakumwita Fundi Selemani kwa jina lake, alimwita Bwana Kamba ya Nguo. Fundi alicheka kila alipoitwa hivyo, lakini niliona alivyokuwa akikishika kiko chake cha tumbaku kwa nguvu. Aliniambia siku moja kwamba upepo ukipungua kidogo, nguvu yake inapungua sana, na kwamba safari hii alikuwa amechagua maji kwa sababu Kalilo hawezi kusinzia.

Masharti nilipewa mapema na hayakuwa na fumbo. Baada ya mavuno kijiji kingekaa kikao. Mashine ikionekana inasaga, fundi angeikabidhi, na mimi ningebaki kuwa mwendeshaji wake. Isiposaga, bomba lingefukuliwa na kuuzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Mpanda ambaye tayari alikuwa ameshakuja kulitazama, naye angeleta mashine ya dizeli pamoja na kijana wake wa kuiendesha. Mimi ningerudi Katumba kwenye tumbaku. Sijui kama msomaji amewahi kuchuma tumbaku. Mikono inajaa gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni, na wakati wa kukausha unakaa kwenye bani, lile banda la kukaushia, macho yanakuuma kwa moshi hadi unasahau rangi ya vitu. Nilikuwa nimefanya kazi ile tangu utoto, na niliichukia. Kila nilipofungua koki na kuusikia mkanda ukianza kulia, nilijiambia kwamba hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwanzoni ilisaga vizuri mno. Halafu, mahindi yakiwa yanakauka shambani, ikaanza kuchoka. Asubuhi ilianza na nguvu zake, mawe yakiimba, lakini kabla ya mchana sauti ilishuka, unga ukatoka mnene, na wanawake kwenye foleni wakaanza kutazamana. Tulipofungua mdomo wa bomba tulikuta umeziba kwa uji mweupe, wenye utelezi na nyuzinyuzi. Tuliutoa, mashine ikapona, na kesho yake ukajaa tena. Fundi Selemani aliutazama ule uji, akausugua kwa vidole, akasema ni saruji ya tangi inayoyeyuka kwa sababu ilichanganywa vibaya, na zile nyuzi ni mizizi. Tukatangaza kwamba tangi litakaushwa. Fundi akapanda kilima kwa goti lake, akichechemea na kusonya, akapiga lipu upya ndani yote. Tulipojaza maji mashine ikasaga siku kadhaa bila kasoro, naye akatembea kijijini kifua mbele. Kisha uji mweupe ukarudi. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema Kalilo ana wenyewe na hakuombwa ruhusa. Wengine walisema kuna mtu anamwaga kitu ili yule mfanyabiashara apate bomba. Mwenyekiti alisimama mlangoni pa kibanda akasema, "Bwana Kamba ya Nguo, kwanza upepo ulikukataa, sasa na maji?" Fundi hakucheka. Aliondoka kwenda Mpanda kutafuta saruji nyingine, akaniachia funguo, na kikao kilikuwa keshokutwa.

Siku ile niliusafisha mdomo peke yangu. Nilikuwa nimechuchumaa, nachokonoa kwa waya, Edita akaja na chakula changu cha mchana. Nilinawa mikono, nikamega tonge, nikalileta mdomoni, nikasimama hapohapo. Nilinusa tonge. Nikanusa vidole vya mkono wa kushoto ambao sikuwa nimeunawa sawasawa. Ilikuwa harufu ileile, chachu ya muhogo uliolala majini, harufu niliyokuwa nikiiegemea kila jioni kwenye ukuta wa chumba changu. Fundi Selemani alikuwa mtu wa ubwabwa na ugali wa mahindi, muhogo alikula wa kuchemsha tu, na harufu ile haikumwambia kitu. Nilimwacha Edita na sahani mkononi nikapanda kilima mbio.

Kazi yangu ilikuwa bondeni na huko juu nilifika mara chache, tena siku za kukausha tangi. Sasa nililikuta limejaa maji, na ndani yake magunia. Yalizama chini yakiwa yamewekewa mawe, kila moja likiwa na kamba iliyofungwa kwenye kigingi ukingoni, na kila kamba ina kitambaa cha rangi ya mwenyewe ili wasichanganye. Vitambaa vitatu vilikuwa vya kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Kitenge hicho nilikuwa nakiona kila siku kiunoni mwa Mama Edita. Pembeni alikaa Mzee Bonifasi, mlinzi wa tangi, akisuka mkeka.

"Mzee, shikamoo. Hii ni nini humu?"

"Marahaba. Mihogo."

"Nani kairuhusu?"

"Nani kaikataza?" Akaonyesha kwa kidole kibao cha bati kilichosimikwa pale. "Soma mwenyewe. Marufuku kuoga, kufua na kunywesha mifugo. Hayo nayalinda. Jana tu nimefukuza ng'ombe wa Mwenyekiti, akanitukana."

"Na fundi alipokuja kupiga lipu, mbona hakuiona?"

"Si mlitangaza mnakausha? Wakaja wakatoa ya kwao. Mlipojaza wakarudisha. Kina mama wa hapa ni waungwana, hawataki kusumbua kazi ya mtu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaogopa. Kile kibao kiliandikwa na kamati ya mradi, na kamati ilikuwa ya wanaume watupu. Walikaa wakafikiria kila uchafu unaoweza kuingia majini, sabuni, jasho na kinyesi cha ng'ombe. Muhogo haukuwajia akilini kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuloweka. Wanawake nao walikuwa wamepewa tangi safi, maji matulivu yanayopita polepole, mlinzi wa bure, na mahali pazuri pa kuloweka kuliko popote walipowahi kuwa napo. Hakukuwa na siri yoyote, wala hakuna aliyemdanganya mwenzake. Muhogo ulilainika, ukaanza kuachia nyama na nyuzi, hizo zikapenya kwenye chujio la nondo lililokuwa mwanzo wa bomba, zikashuka na bomba, zikakutana kwenye mdomo mwembamba. Siku hizi nikienda kufunga sola nyumbani kwa mtu, kabla sijapanda juu ya bati naomba kwanza kuonyeshwa jiko. Mafundi wenzangu wananicheka.

Sikuogopa mashine, hiyo sasa nilijua namna ya kuiponya. Niliogopa kurudi nyumbani. Kamati ilitoza faini kali kwa aliyeharibu mali ya mradi, na mimi ningekuwa ndiye niliyewataja wanawake ambao kila siku walinipa mboga, nikianza na yule aliyenilaza na kunilisha. Nikinyamaza, keshokutwa yake bomba lilikuwa linafukuliwa. Jioni niliingia jikoni nikamkuta anasonga ugali. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nimesimama mlangoni kama mgeni.

Aliendelea kusonga. Kisha akasema, bila kugeuka, "Kwa hiyo sisi ndio waharibifu."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Umesema. Muhogo si uchafu, Dafroza. Ni chakula. Ungekuwa uchafu usingeumeza." Aliniita kwa jina langu, si mwananje. "Mwaka mzima mnapita hapa na mabomba yenu. Mlituita kuchimba, tukachimba. Mlituita kubeba mawe, tukabeba. Kuna aliyekuja jikoni akauliza, nyie mnalowekea wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna," akarudia. Akaipua chungu, akakaa kwenye kigoda, akapangusa uso kwa kile kitenge. Nilidhani ataniambia nifungashe. Badala yake akauliza, "Hayo maji yakishakizungusha chuma chenu, yanakwenda wapi?"

"Yanapita kwenye mfereji mdogo nyuma ya kibanda, yanarudi Kalilo."

"Yote? Hayapungui?"

Nilianza kumpa somo la Fundi Selemani. Nilikuwa nimelikariri miezi yote ile bila kulisikia. Maji hayaliwi na mashine. Yanaingia kiasi hicho na kutoka kiasi hichohicho. Kinachotumika ni ule mporomoko wake, ule uzito wa kutoka juu kuja chini, na yakishafika chini yametulia, masafi, yako tayari kwa kazi nyingine yoyote isiyohitaji kasi. Nikamwambia hivyo, taratibu, nikiwa najiambia na mimi mwenyewe. Nikamwambia tukichimba dimbwi pale nyuma ya kibanda, maji yakaingia upande huu na kutoka upande ule, yatatembea kama yanavyotembea tangini.

"Yaani huko chini, karibu na nyumba," akasema.

"Ego, Mama," nikaitikia kwa Kirundi.

"Na sisi tunapanda kilima na mihogo kichwani." Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Edita akaja kuchungulia. Nilimpenda mama yule kwa kicheko kile, na sijaacha kumpenda. Tulipomaliza kula nilimwambia nitasimama kwenye kikao niseme. "Wewe kaa," akanijibu. "Ukisema wewe, watasema binti wa Katumba kawasingizia wanawake ili apate kazi. Nitasema mimi. Magunia matatu ni yangu."

"Watakutoza faini."

"Wanitoze."

Kikao kilifanyika darasani, wanaume wamebanana kwenye madawati na wanawake wamekaa nyuma kwenye mikeka. Fundi Selemani alifika kutoka Mpanda na mfuko wa saruji begani mwa mpagazi, nikamvuta pembeni mlangoni nikamweleza. "Mihogo?" akasema. "Mihogo!" Akashika goti akacheka bila sauti, machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Aliingia akakaa. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuuliza kama kuna mtu ana nguo za kuanika. Watu wakaangua kicheko. Mfanyabiashara wa Mpanda alikuwa mbele, amevaa shati jeupe, akakunja miguu vizuri. Mwenyekiti akasema kamati imevumilia vya kutosha, na kama hakuna mwenye neno bomba litatolewa.

Mama Edita akasimama. "Nina neno. Uji unaoziba mashine ni mihogo. Tunailoweka tangini, mimi na karibu wote mnaowaona hapa nyuma. Hatukujua. Kibao chenu hakikusema."

Darasa lilivurugika. Wanaume walisimama, wengine wakiwauliza wake zao kwa macho, mmoja akapiga kelele, "Faini! Waandikwe wote!" Mama Edita alisubiri kelele zipungue, mikono kiunoni. "Tuandikeni," akasema. "Ila muwaandike na wote waliokula ule ugali jana. Mwenyekiti, mkeo nimemwona tangini jana asubuhi. Unga wenu ulikuwaje?"

Mwenyekiti alitazama dari, akatazama mikeka kule nyuma alikokaa mkewe, kisha akasema polepole, "Ulikuwa mweupe sana." Vicheko vilivyofuata havikuwa vile vya mwanzo. Mama Edita akaeleza habari ya dimbwi la chini kwa maneno yake, kwamba maji yakishasaga bado ni maji, na kwamba wanawake watalichimba wenyewe wiki hiyohiyo. Mfanyabiashara akauliza kama watu wazima wataamini hadithi ya mihogo. Mwenyekiti akamwambia tusibishane, mlima uko pale, twende tukaone. Fundi Selemani akanyanyuka. "Leo na mimi napanda," akasema, akanitupia funguo. "Wewe nenda chini. Wakishatoa mihogo yote, washa."

Walikwenda juu kijiji kizima, mimi nikateremka peke yangu. Nilifungua mdomo wa bomba, nikausafisha mara ya mwisho, nikaufunga. Nilikaa na mkono juu ya koki. Sauti zao zilinifikia kutoka kilimani, kila mwanamke akidai gunia lake, wakitaniana, halafu Fundi akapiga mluzi. Nikafungua kidogokidogo. Maji yakaja, vikombe vikayapokea, mkanda ukalia, na mawe yakaanza kuimba kwa ile sauti ya juu ambayo siku zile niliisikia asubuhi tu. Nilimimina debe la mihogo mikavu lililokuwa limeachwa na mteja. Unga ukatoka laini. Nilisaga lote, na sauti haikushuka, nami nilikuwa naomba Mungu kwa Kirundi na Kiswahili pamoja.

Waliteremka wamejaa uwanja mzima mbele ya kibanda, wanawake wamejitwika magunia yanayochuruzika mpaka mabegani, Fundi amemshika Mzee Bonifasi bega. Kibanda kilikuwa kidogo, na mtu haruhusiwi kuingia mkanda ukiwa unakwenda. Mwenyekiti alisogea mlangoni. Nilimwona anakunja shingo kutazama gurudumu, unga, mimi. Miezi yote ile alikuwa ameniita yule binti wa Katumba.

"Mwendeshaji," akasema, "zima basi tuingie tuone."

Koki ile haifungwi kwa mkupuo. Maji yote yaliyomo kwenye bomba, kutoka tangini hadi bondeni, yako mbioni, na ukiyasimamisha ghafla yanagonga kwa uzito wake wote na kulipasua bomba. Unafunga kidogo, unangoja, unafunga kidogo tena.

"Subirini," nikawaambia. "Haifungwi haraka."

Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja, akawainulia wengine mkono watulie. Mfanyabiashara wa Mpanda akasubiri, kamati ikasubiri, Mama Edita akasubiri na gunia kichwani, maji ya mihogo yakimtiririka usoni. Nami nikafunga polepole, nikichukua muda wangu wote.